Kinyozi Alipoukosa Mpira Mweusi

Jumamosi mchana ukumbi wa pool ulifurika, na kinyozi alikuwa akiwatoa watu jasho. Walimwita Mpelelezi, kwa sababu alimsoma mpinzani kabla hajapiga: huyu anaogopa kona, yule akitaniwa anaharibu. Mara akaingia fundi cherehani, gauni la rangi ya machungwa limemkaa vizuri, akimtafuta kaka yake. Kaka akampa fimbo kwa mzaha.

Huyo hakusomeka. Mpira rahisi aliuacha, mgumu akaupiga huku anacheka, nao ukaingia.

"Dada, unapangaje mambo yako?" kinyozi aliuliza.

"Ukijua, niambie na mimi."

Tangu hapo simu hazikukoma. Asubuhi kinyozi alimwuliza kaamkaje. Jioni fundi alimsimulia wateja wanaonenepa halafu wanailaumu suruali. Wakapendana, na kila Jumamosi wakacheza.

Siku moja mashoga wa fundi walikuja kutazama. Mpira mweusi, ule wa mwisho unaoamua mshindi, ulikuwa mdomoni mwa shimo, zamu ya kinyozi. Hakutaka kumwaibisha mpenzi wake, akaukosa. Fundi akamalizia, akashangiliwa, akaondoka bila kuaga.

"Hukuipaka fimbo chaki," alimwambia kwenye simu.

"Nilisahau, mpenzi."

"Wewe? Hujawahi kusahau. Ukinihurumia mezani, nyumbani utanidanganya."

Akakata. Kinyozi alipiga tena na tena, wapi. Wateja wake wakaanza kutoka dukani na panki zilizopinda.

Mwishowe alimfuata kwenye cherehani yake, akaomba mchezo mmoja tu. Fundi alikubali bila kuinua macho: akiona huruma tena, wasijuane.

Siku hiyo fundi alikuwa moto. Kinyozi alipaka chaki, akahangaika, wakafika kwenye mpira mweusi, nao umejificha pembeni. Akiukosa sasa, nani angemwamini? Akapiga. Mpira ukagonga ukingo, ukasitasita, ukatumbukia.

"Nimekufunga," alisema, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Fundi aliitafuta huruma usoni mwake, hakuiona, akamfuta jasho kwa kiganja. "Umenifunga, mpenzi wangu. Umenifunga vizuri."

"Nikuoe?"

Fundi aliegemeza fimbo ukutani taratibu, makusudi kumtesa.

"Kesho uende kwa mama. Chai yake ina sukari kupita kiasi, na atakuuliza ikoje."

"Nimjibu nini?"

"Ukimsifia," fundi alisema, akimshika mkono, "ndoa hakuna."