Mtoto wa Posho

Mtoto alikuwa ameibwa mchana kweupe, sokoni Manika, juu ya rundo la vitenge.

"Niligeuka tu kumupimia mama moja kitambaa," alilia Rehema, mwenye meza. "Akram yangu! Ana miezi tano tu!"

Inspekta Laurentine Ngoy, mwanamke asiyependa kelele, alimvumilia, maana kilio cha mzazi hakikemewi. Akamgeukia Gael, dereva wa pikipiki aliyeegesha kando.

"Uliona nani?"

"Mama moja mukubwa, mama inspekta. Alibeba mutoto."

"Mugongoni?"

"Hapana. Mu mikono, amemufunika mupaka kichwa."

Inspekta akatabasamu. Mtoto wa miezi mitano hubebwa mgongoni. Mikononi hubebwa aliyezaliwa juzi. Basi mwizi alitaka Akram aonekane mchanga, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha vichanga wapate posho ya serikali.

"Washa pikipiki. Twende ofisi ya posho."

Huko walimkuta Mama Kalumba wa mtaa wa Kapata mbele ya karani, mtoto mikononi.

"Huyu mutoto ni nani?" Inspekta aliuliza.

"Mujukuu yangu. Alizaliwa wiki hii."

Inspekta akamtia mtoto kidole kinywani. Aling'atwa.

"Wiki hii, na ameisha kuota meno? Sema kweli, mama."

Mama Kalumba akaketi sakafuni.

"Nilimuazima tu. Nilitaka kumurudisha. Mujukuu yangu iko ku nyumba, kitovu haiyaanguka. Kwetu mutoto wa vile hatoke inje. Na bila posho, binti yangu atarudia kuosha mawe ku mugodi na maumivu ya kuzaa."

Karani alicheka hadi machozi. "Mama! Bachanga tunabafuata ku nyumba. Nikisikia mutoto analia mu nyumba, ninaandika."

Rehema, aliyewafuata kwa miguu, alifika akihema, akamnyakua mwanawe. Kushtaki au kusamehe kulikuwa juu yake.

"Kwanza nisikie huyo mujukuu," alisema kwa hasira. "Kama ni uongo, mumufunge."

Wakaenda wote Kapata, wakasimama nje ya mlango. Kimya. Kichanga kilikuwa kimelala fofofo. Mama Kalumba akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Mwamushe!" alimnong'onea binti yake.

Akram, mwenye njaa, akaangua kilio mgongoni mwa mama yake. Kutoka ndani, sauti nyembamba ikamjibu.

Rehema akamsogelea Mama Kalumba.

"Bado nina hasira," alisema. Kisha akamgeukia karani. "Andika mutoto, tata karani. Mi ni shahidi."