Kopo Lililofanana na la Mtoto

Kila asubuhi kabla ya shule, Felista alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kumwogesha mdogo wake Chediel, na kuhesabu chunusi zake kwenye kioo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomchelewesha. Mtoto akishaoga, Bibi Rahel alimpokea na kumpaka mafuta huku akimwimbia Kinyaturu. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu. Mafuta aliyajua kwa kushika kopo lake.

Mahafali yake ya darasa la saba yalikuwa yamebaki wiki mbili.

"Mpiga picha atadhani umelalia punje za uwele," Flora, rafiki yake wa dawati moja, alimtania.

Felista alicheka pamoja na wenzake. Jumamosi akachukua pesa zote za mayai ya kuku wake, akaenda sokoni. Mafuta ya elfu mbili yalikuwepo, yenye jina, kiwanda na tarehe. Akayapita. Ya bei ndogo hivyo yatamsaidia nani? Dada muuzaji akavuta ndoo chini ya meza. Ndani mlikuwa na krimu ya njano aliyoikoroga mwenyewe.

"Elfu kumi na tano. Siku saba umetakata."

"Mbona haina jina?"

"Kwani unapaka jina au unapaka krimu?"

Jibu kama hilo humfanya mtu alipe haraka, asionekane mshamba. Felista akalipa.

Kwao hakuna kopo linalotupwa. La siagi huwekewa chumvi, la dawa huwekewa sindano za kushonea. Basi Felista akachukua kopo tupu la mafuta ya Chediel, akalijaza krimu, akalificha nyuma ya sanduku.

Siku ya tatu uso uling'aa. Siku ya tano uliwaka moto kila alipotoka juani, na ngozi ya mashavu ikaanza kubanduka. Aliendelea kupaka. Elfu kumi na tano atazitupaje?

Jumamosi iliyofuata alikuwa akirudi kisimani, ndoo kichwani, aliposikia kilio cha Chediel tangu barabarani. Hakikuwa cha njaa. Kilikuwa chembamba, kisichopumzika. Akaitua ndoo, akakimbia. Mtoto alikuwa mwekundu tangu shingoni hadi mapajani.

"Nimemwogesha, nimempaka mafuta yake tu," bibi alisema. "Kopo la kila siku lilikwisha, nikapata hili jingine nyuma ya sanduku."

Felista alilitambua kopo mkononi mwa bibi. Mama alikuwa amekwisha kumbeba mtoto, anakimbilia zahanati. Felista akamshika bibi mkono, wakamfuata.

"Shikamoo, mama. Mmempaka nini?" Nesi Eliana alimuuliza bibi.

"Marahaba, mwanangu. Mafuta yake ya siku zote."

"Basi huenda ni ugonjwa wa ngozi." Nesi akashika kalamu aandike dawa.

Felista alisimama mlangoni, kanga imemfunika uso. Akisema, mama atajua yote. Asiposema, mtoto atapewa dawa isiyo yake. Chediel alikuwa ameacha kulia. Alitetemeka tu.

"Si mafuta," Felista akasema. "Ni krimu yangu. Mkorogo. Niliuficha kwenye kopo lake."

Nesi akaitupa kalamu. Alimwosha mtoto kwa sabuni laini na maji mengi, akarudia, akarudia tena. Walingoja. Hakuna aliyemtazama Felista, na hilo lilimuuma kuliko kofi. Hatimaye wekundu ukaanza kufifia, na Chediel akatafuta titi la mama.

"Mmemuwahi," nesi alisema. "Binti, bei haikwambii kilichomo ndani. Soma kopo: nani ametengeneza, ameweka nini, mwisho wa kutumika ni lini. Lisiposema, liache, hata wakikupa bure. Chunusi ni za umri wako. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, usiziminye. Zikizidi, njoo hapa. Huo mkorogo niletee leo. Muuzaji wako afisa afya atamfuata."

Bibi alikuwa benchini, viganja wazi mapajani, bado vinang'aa krimu.

"Nilidhani nimemuua kwa mikono hii," alisema taratibu. "Felista, katika nyumba yenye mtoto na kizee asiyeona, usifiche kitu. Sisi tunaamini kila tunachokishika."

Felista akapiga magoti, akalivuta beseni la maji, akaanza kumwosha bibi mikono.