Taa Iliyofuta Vivuli

Kila siku baada ya masomo, Yusra na Nuro walibaki shuleni kwao Quionga kufanya mazoezi ya igizo. Waliziba madirisha ya darasa kwa mikeka ili pawe giza, kisha wakatundika shuka jeupe upande wa kulia. Yusra, mwenye miaka kumi na miwili, alikaa nyuma ya shuka akiwa na tochi. Alikuwa amekata vijidudu vya kipindupindu kwa karatasi ngumu, na kazi yake ilikuwa kuvitembeza mpaka vivuli vyake vizame ndani ya kivuli cha kikombe. Upande wa kushoto, Nuro aliigiza mtu anayekunywa maji yasiyochemshwa.

Siku ya Jumatano baba yake Nuro, fundi Ossufo, aliwaazima taa ya gari na betri ili Nuro aonekane vizuri. Ilipowashwa tu, vijidudu vikapotea.

"Sivioni," alisema profesora Saquina, mwalimu wao, kutoka viti vya nyuma. "Igizo ni keshokutwa. Visipoonekana kesho, itabidi tuviache."

Masika yaliyopita mdogo wake Yusra, Muzamil, alilazwa siku tatu kwa kipindupindu, na hadi leo huuliza ugonjwa ulimwingiaje. Yusra alitaka auone ukiingia.

Profesora alipoitwa ofisini, Yusra alitoka nyuma ya shuka akaikagua ile taa. Aliweka kiganja ubavuni mwa taa. Giza likaonekana kwenye ukuta mweupe, na shuka likafifia kidogo.

"Nuro, tazama. Mwanga haukufuati wewe peke yako. Unakwenda ukutani, halafu unarudi kwenye shuka."

"Sasa?"

"Tuuzibe pembeni."

Alikunja boksi la sabuni, akaizungushia taa. Mara vivuli vikaonekana, mikia na yote. Nuro akacheka kwa furaha. Lakini kabla hawajamwita profesora, walisikia harufu ya kuungua. Boksi lilikuwa linatoa moshi. Yusra alilivuta chini akalikanyaga, ila juu ya meza iliyowekwa taa palishabaki alama nyeusi, pana kama kiganja.

"Tuseme waya ulipata shoti," Nuro alinong'ona.

Yusra aliitazama ile alama. Profesora aliporudi akauliza kuhusu moshi, Yusra alijibu, "Ni mimi, profesora. Nilifunika taa kwa boksi bila kukuuliza."

Profesora Saquina alizima taa, akapapasa meza. "Ungeweza kutuunguzia shule," alisema, na sauti yake haikuwa ya mchezo. "Lakini hebu niambie. Boksi lilipokuwa juu ya taa, uliona nini?"

"Vivuli vilionekana vyote."

"Kumbe wazo lako ni zuri. Kilichokosea ni boksi. Kitu gani kinaziba mwanga lakini hakishiki moto?"

Wote watatu walifikiri. "Kopo la maziwa," Nuro alisema hatimaye.

Alhamisi fundi Ossufo alilikata kopo kubwa pande zote mbili, akakunja ncha zake zisikate mikono, kisha akalifunga mbele ya taa kwa waya, akiacha nafasi ya joto kutoka. Waliwasha. Hali ilikuwa bora, ila bado shuka lilipata mwangaza hafifu. Yusra alichungulia ndani ya kopo, akaona linang'aa.

"Linarudisha mwanga," alisema. "Lingekuwa jeusi ndani, je?"

Fundi Ossufo alilifungua, akalishika kwa koleo juu ya moshi wa koroboi mpaka masizi yakalijaa ndani. Profesora akatundika kanga nyeusi ukutani. Walipowasha tena, Nuro alisimama ndani ya duara la mwanga, na shuka likabaki giza tupu, likisubiri tochi.

Ijumaa, baada ya swala, wazazi walijaa darasani. Kijidudu kilipozama kikombeni, Muzamil alisimama kwenye kiti akauliza kwa sauti, "Ndiye huyo?" Mama yake akamjibu, "Ndiye. Ndiyo maana siku hizi tunachemsha."

Watu walipoondoka, Yusra alichukua msasa aisugue ile alama mezani. Profesora Saquina alimshika mkono.

"Iache," alisema. "Nuro ameniambia alitaka mseme ni waya. Ungenidanganya hivyo, ningetengeneza waya, na vivuli tungeviacha. Uliposema kweli, nikajua pia ulichokigundua. Endelea kuuliza na kujaribu, Yusra. Ila penye moto, niite kwanza."