Tumpale na Flashi Iliyopata Joto

Sogeeni, watoto, sogeeni. Na wewe wa nyuma, usimsukume mwenzako. Masikio yako tayari? Haya, tuanze.

Huko Tukuyu, mvua haijui likizo. Lakini shule zinajua. Shule zilipofungwa, Tumpale alibaki peke yake.

Wenzake wote walikwenda kwa bibi zao. Yeye alibaki na Shangazi Tusekile.

Mama yake Tumpale ni dereva wa lori. Lori kubwa, lenye matairi mengi! Mama alikuwa mbali, ng'ambo ya mpaka.

Tumpale alikuwa mpweke. Upweke ulimkaa hapa, kifuani, na haukutaka kuondoka.

Kila siku alikwenda dukani na Shangazi. Duka lenyewe dogo! Shangazi akipiga chafya, Tumpale anatikisika.

Humo watu huleta flashi zao, naye Shangazi huwawekea nyimbo. Flashi unaijua? Ni ndogo kama kidole chako. Lakini ndani yake hukaa nyimbo, picha na sauti za watu.

Siku moja, hodi! Aliingia Anko Asegelile, dereva mwenzake Mama.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba, Tumpale. Mama yako anakusalimu. Amekuletea hii."

Ilikuwa flashi nyekundu.

"Kuna video yake humo," Anko akasema. "Ni nzito, mtandao wa kule hauiwezi. Ihamishieni kwenye kompyuta. Nikimaliza kunywa chai hapo jirani, naondoka na flashi. Mama yako anaihitaji, nyimbo zake za safari zimo humo."

Tumpale akaruka juu. Mama! Atamwona Mama!

Shangazi akachomeka flashi. Vuu, vuu, vuu. Kompyuta ikaanza kazi.

"Umeme umekatika," Shangazi akasema. "Tunatumia betri tu, nayo ni kidogo. Wacha nikaanue nguo, mvua hiyo inakuja. Usiguse kitu."

"Sawa, Shangazi!"

Hee! Mtoto akijibu "sawa" upesi hivyo, ujue kuna jambo.

Tumpale akawaza. Mama yuko peke yake ndani ya lori. Nyimbo zake ni zile zile. Nimwekee mpya! Nimwekee zote!

Akabonyeza hapa. Akabonyeza pale. Alimwona Shangazi akifanya hivyo kila siku.

Sasa flashi ikawa na kazi mbili. Huku inatoa video, huku inapokea nyimbo. Vuu-vuu-vuu-vuu!

"Haraka, flashi!" Tumpale akasema. "Haraka, haraka!"

Flashi ikakimbia. Halafu ikapunguza mwendo. Vuu... vuu... vu...

Tumpale akaigusa. "Aa! Moto!"

Maskini, flashi ina homa! Tumpale alikumbuka homa yake. Alipotetemeka kwa baridi, Mama alimfunika kitenge.

Basi naye akachukua kitenge cha Shangazi. Akaifunika flashi vizuri, gubigubi.

"Pole, flashi. Lala upone."

Je, flashi ilipona? Wapi! Joto likazidi. Mwendo ukazidi kupungua. Video ya Mama ilifika nusu, ikasimama.

Nje honi ikalia. Piii! Piii!

"Tumpale!" Anko akaita. "Nipeni flashi, giza litanikuta njiani!"

Video bado nusu! Flashi ikiondoka, Mama anaondoka nayo. Tumpale akalia kwa sauti.

Shangazi akaingia mbio, nguo begani. Akaona kitenge. Akakiondoa taratibu.

"Ina homa," Tumpale akasema, huku akilia. "Niliifunika."

"Haina homa, mwanangu. Imechoka. Ikikimbia sana, inapata joto. Ikipata joto, inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Wewe ukaiwekea kitenge, joto likakosa pa kutokea."

"Kwa hiyo haijafa?"

"Haijafa. Ila mbio zake zimekula betri. Tazama, imebaki kidogo sana."

Wakasimamisha nyimbo. Wakapunguza mwanga wa kompyuta, betri isiishe. Wakafungua dirisha, upepo ukaingia.

Tumpale akainama, akasema kwa sauti ndogo:

"Polepole, flashi, polepole.
Pumua kwanza, kisha twende."

Vu... Kimya.

Piii! Honi tena.

"Kaka Asegelile!" Shangazi akaita dirishani. "Ongeza kikombe kingine cha chai, nalipa mimi!"

Honi ikanyamaza. Chai ya bure, nani anaikataa?

Tumpale akataka kusema, "Haraka!" Akajiziba mdomo kwa mkono. Akasema tena:

"Polepole, flashi, polepole.
Pumua kwanza, kisha twende."

Vu... vuu... Vuu, vuu, vuu.

Haikukimbia. Haikusimama. Ilikwenda, ikaenda, ikaenda, mpaka video ya Mama ikaingia yote!

Tumpale akapiga makofi. Halafu akanyong'onyea.

"Na nyimbo mpya za Mama?"

"Betri haitoshi," Shangazi akasema. "Inatosha kitu kimoja tu, tena kidogo."

Tumpale akafikiri. Akamnong'oneza Shangazi sikioni. Shangazi akatabasamu, akamsogezea kinasa sauti cha kompyuta. Tumpale akasema maneno yake machache. Maneno hayo yakaingia kwenye flashi. Wala haikupata joto.

Anko akachukua flashi, akaenda zake. Lori likapotea kwenye ukungu.

Jioni umeme ulirudi. Shangazi akafungua video, na Mama akatokea.

"Tumpale wangu," Mama akasema. "Sina habari mpya. Nilitaka tu unione. Mama yako ni mpweke huku."

Tumpale akashangaa. Kumbe na Mama pia! Kumbe tuko wawili!

Aliitazama video mpaka usingizi ukamchukua. Upweke ulikuwapo bado. Lakini ulikuwa umepungua.

Kesho yake jioni, mbali sana, Mama alipokea flashi yake kutoka kwa Anko. Alikuwa safarini kurudi nyumbani, amechoka, macho mekundu. Lakini alitaka kuendesha usiku kucha, afike upesi kwa mtoto wake.

Akachomeka flashi kwenye redio ya lori. Akasikia sauti ndogo:

"Mama, mimi Tumpale. Nimekukumbuka sana. Usikimbize lori kwa ajili yangu. Ukichoka, simama upumue. Nitakusubiri."

Mama akajifuta machozi.

Akaegesha lori mahali salama. Akazima injini. Vuu... vu... tii.

Akajifunika kitenge chake, akalala fofofo.

Na Tumpale? Tumpale naye amelala, kule Tukuyu, mvua inanyesha juu ya bati. Mama yuko njiani kurudi. Atafika, polepole, mzima.

Haya, na wewe funga macho. Usiku mwema.