Alama ya Zambarau

Jumamosi ile saluni ilikuwa imefurika, mashine za kukausha nywele zikivuma na wateja wakigombania viti, ndipo mwanamume mwenye ovaroli ya kijivu alipoingia na kuomba kuuziwa rangi ya kucha.

Wanawake wote wakageuka.

"Ya mkeo?" akauliza binti wa kupaka kucha. Alivaa gauni la njano na miwani mikubwa iliyompa jina. Wateja walimwita Miwani.

"Sina mke. Ya darubini yangu."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Mwanamume naye akacheka, kisha akaeleza. Yeye ni fundi wa lifti, ana darubini ndogo ya kupigia picha nyota, na anataka kuweka alama pale picha inapotulia. Miwani akampa kichupa chekundu kilichobaki nusu. Shoga yake, msusi wa kiti cha pili, ambaye simu aliisoma akiwa amenyoosha mkono mzima, akamnong'oneza, "Huyo atarudi, utaniambia."

Akarudi kweli. Wiki chache baadaye Miwani alikuwa akipanda naye juu ya paa la jengo alilolihudumia, kila jua lilipozama.

"Vua miwani, mpenzi. Zungusha taratibu. Mwezi ukikaa sawa, niambie."

"Bado... bado... hapo hapo! Usiguse!"

Fundi akachovya kijiti katika rangi nyekundu, akachora mstari mwembamba kwenye bomba la ndani, lile linaloingia na kutoka.

"Hili ni jicho lako. Kila mtu na jicho lake. Mstari huu hauwezi kumfaa mwingine."

"Na wako uko wapi?"

"Mimi nazungusha tu mpaka nione. Ninayemtafuta ni wewe."

"Muongo!"

"Muongo wako."

Alimfundisha pia kupiga picha. Mbele ya lenzi walivika kifuniko chenye mianya, na nyota ikatoa mistari mitatu kwenye kioo cha kamera. Wa kati ukikaa katikati barabara, picha imetulia. "Macho yanadanganyika, laazizi," alimwambia. "Mstari wa kati haudanganyi."

Miwani alimwamini kwa kila kitu. Alikwisha kumwambia mama yake kwamba Jumapili mkwe anakuja kujitambulisha, na mama, kwa furaha, akanunua mapazia mapya.

Ijumaa jioni, Fundi akiwa amempa mgongo akikaza miguu ya stendi, Miwani alivuta bomba la ndani. Kando ya mstari wake mwekundu, upande wa nje, palikuwa na mwingine. Wa zambarau.

Rangi ile haikuuzwa dukani. Aliichanganya yeye mwenyewe wiki ile, nyekundu na buluu na vumbi kidogo la kung'aa, kwa ajili ya kucha za shoga yake peke yake.

"Fundi, hii ni nini?"

"Hiyo? Ni alama ya kamera. Nilipita saluni hukuwepo, nikaomba rangi kwa shoga yako."

Alijibu bila hata kugeuka. Na Miwani alitaka kuamini, Mungu anajua alivyotaka.

"Kama ni ya kamera, basi leo napiga mimi."

"Acha, mpenzi, nitafanya mwenyewe."

"Nimesema mimi."

Akaifunga kamera kwenye darubini, akalisogeza bomba mpaka kwenye zambarau, akavika kifuniko na kuielekeza darubini kwenye nyota iliyong'aa kuliko zote. Nyota ilikuwa imevimba. Mstari wa kati ulikuwa umekimbilia pembeni.

"Skrubu imelegea," Fundi akasema.

Akaikaza. Pembeni vilevile.

"Basi ni baridi. Bomba likipoa, picha huhama."

"Huhama hivi? Hili ni jicho la mtu."

Miwani akatoa simu, akampigia shoga yake na kuweka spika.

"Shoga, samahani. Nilikuwa nasafisha darubini, nimefuta alama yako ya zambarau."

"Wala usijali, atanipimia te..." Sauti ikakatika. Zikasikika mashine za saluni tu. "Haloo? Shoga, nisikilize..."

Miwani akakata. Hakujua ni yupi kati yao aliyemuuma zaidi. Kucha zile alizishika mwenyewe, moja baada ya nyingine, akizipuliza zikauke, huku mwenye kucha akimsifia mchumba aliyempata.

"Kipenzi, ilikuwa mara moja tu," Fundi akasema.

"Mara moja haiwekewi alama."

Akatoa asetoni na pamba mkobani, akafuta mstari wake mwekundu mpaka bomba likawa jeupe pale. Zambarau hakuigusa.

"Sasa unafanya nini?"

"Natoka." Akavaa miwani yake.

Lifti ilikuwa wazi ikimsubiri. Akaipita, akashuka kwa ngazi. Ghorofa ya tatu simu ikalia.

"Mwanangu, mapazia yamependeza hayo! Mkwe anakuja saa ngapi keshokutwa?"

"Haji, mama."

"Kapata kazi ya ghafla?"

"Amenisaliti, mama. Yeye na shoga yangu." "Naomba nije kulala kwako."



"Njoo, mwanangu. Nakuwekea maji ya kuoga."

Miwani akafuta vioo vya miwani kwa pindo la gauni, maana hakuwa akiona ngazi, kisha akaendelea kushuka.