Kibao cha Ndege ya Joachim

"We mama, huku hairuhusiwi!"

Mkuu wangu, Mzee Edmund, alifoka mpaka nikaruka kitini. Mlangoni alisimama mama nisiyemjua, matope hadi magotini, jogoo kwapani!

"Kamwene, wanangu. Natoka Iringa. Joachim wangu anarudi leo kutoka migodini. Yuko ndege ipi?"

Wasomaji wangu, mimi Asukile nilikuwa nimetoka shule juzi tu, mwaka 1956, nikaajiriwa kiwanja kidogo cha ndege upande wa Mbalizi. Niliamini kuongoza ndege ni kuwarudishia akina mama watoto wao. Basi nikamwonyesha ubao wetu.

"Kila ndege ina kibao chake, mama. Cha itakayotua kwanza kinakaa chini, vingine juu yake. Ikitua tunakitoa, vya juu vinashuka. Zisije zikagongana mawinguni."

"Cha Joachim?"

"Hicho cha tatu."

Akacheka. "Hata angani ni wa mwisho! Huyo hata kuzaliwa alichelewa. Ukikitoa, nipe nikishike."

"Nitakupa mkononi mwako, mama. Naahidi."

Wingu lilikuwa limefunika milima. Ndege ya kwanza ikatua. Ya pili ikatua. Kibao cha Joachim kikashuka mpaka chini kabisa...

Nikaita redioni. Kimya.

Nikaita tena. Kimya!

Mzee Edmund akaninong'oneza, "Mwambie imegeuka. Itatua kesho."

"Lakini mzee..."

"Kazi unaitaka au huitaki?"

Nilitoka nje. Mama alikuwa akimlisha jogoo punje za mahindi.

"Mama... hatuisikii ndege yake."

Hakulia. Alimfungua jogoo kamba ya miguu, akamwacha aende zake.

Mimi ndiye niliyelia.

Ndege ilikutwa mlimani, imeteketea yote. Hapakuwa na wa kuzikwa. Kwao Iringa wakachimba kaburi hivyo hivyo, ila wakakosa cha kuweka ndani. Nguo zake zote alikwenda nazo.

Nikakichukua kile kibao.

Mzee Edmund akanishika mkono. "Kirudishe! Kikitoka humu, na wewe umetoka!"

"Nilimwahidi, mzee."

"Asukile..." Alikitazama kibao. "Liberatus wangu naye alikuwa humo."

Mwanawe! Kumbe ule uongo wa kesho alikuwa akijiambia mwenyewe...

Akaniachia mkono.

"Nenda. Usirudi hapa."

Nikapanda lori, nikapita Chimala njia ya Iringa bila kazi, kibao kifuani.

Mama alikipokea kwa mikono miwili.

"Wameandika jina lake?"

"Hapana, mama. Ni namba ya ndege tu."

"Basi liandike."

Nikaandika Joachim. Nikamweleza habari za Mzee Edmund. Akasema, "Na la mwenzake liandike. Walisafiri pamoja."

Nikaandika Liberatus.

Ndugu zangu, ukweli unaumiza mara moja. Uongo unamwacha mtu mlangoni akisubiri maisha yake yote.

Mama alipiga magoti, akakishusha kibao kaburini polepole kwa mkono wake.

"Haya," akasema. "Wametua."