Mkono Ulioichukua Saa ya Tsongo

Nilikwenda mjini Bwera kutafuta betri tu. Saa ya ukutani pale sebuleni ilikuwa imesimama, na Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja na mbuzi wa mahari ya binti yangu Patience. Sikutaka wageni wakae chini ya saa iliyokufa. Watu wa kijijini kwetu Karambi wana midomo.

Boda ilinishusha karibu na barabara ya mpaka, jua likiwa linaangukia upande wa Congo. Wabadilisha pesa walikuwa wanafunga meza zao. Juu milimani mvua ilikuwa imeshaanza. Harufu yake ilifika mjini kabla yake.

Papa Sosthène, fundi wa saa, alikuwa bado kibandani. Ni mzee wa Butembo, kule Congo, aliyevuka mpaka kukimbia vita, mtu wa misa kila Jumapili, asiyejua kusema uongo. Nilipotokeza kichwa dirishani, alinyakua kitambaa akafunika kitu kilichokuwa mezani.

Haraka ile ndiyo iliyonifanya niangalie.

"Unaficha nini, Papa?"

"Hakuna kitu, maman. Betri iko. Nakupatia sasa hivi."

Lakini chini ya kitambaa kulikuwa na mlio. Tik-tik-tik-tik. Mdogo, wa haraka, kama moyo wa kifaranga ukimshika mkononi. Saa za betri hazilii hivyo. Nilikuwa nimelala kando ya mlio ule miaka mingi.

Nikafunua.

Ilikuwa saa ya mume wangu.

Niseme vizuri ili unielewe. Saa ile ilikuwa ya baba mkwe wangu, aliyepewa zamani alipofanya kazi kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe. Ilikaa miaka kwenye kopo, imekufa, mpaka mume wangu Tsongo alipoipeleka kwa Sosthène ikafufuka: kioo kipya, springi mpya, mafuta mapya. Uso wake ulibaki vilevile, rangi ya chai ya maziwa, na namba nne imefutika nusu. Tsongo aliipenda kuliko shamba. Kila asubuhi kabla ya chai aliitia ufunguo polepole, huku amefumba macho. Akienda kuoga aliivua akanipa mimi niishike.

Tsongo alipokufa, mimi mwenyewe niliifunga mkononi mwake. Jeneza likafungwa. Kaburi likamwagiwa simenti.

Sasa ilikuwa hapa mezani, inatembea.

"Nani ameileta?"

Sosthène alitazama barabarani kwanza. "Nilizania weye uliiuzisha, maman. Mutu moja aliileta, magaribi kama hii. Alisimama pale inje. Alisema tu: imekufa, iponyeshe."

"Mtu gani?"

"Sikuona uso." Akavuta kifuniko cha chupa kutoka chini ya meza. "Lakini angalia vile nilikuta ndani."

Ndani ya kifuniko kulikuwa na udongo mwekundu, na kitu kama nywele nyeupe za mzee. Niliinama nikanusa. Udongo wa chini, ule usiojua jua.

Hazikuwa nywele. Ilikuwa mizizi.

"Ilizunguka gurudumu zote," akanong'ona. "Ni ile njo ilisimamisha saa."

Nilihisi hasira kabla ya hofu. Hasira ilikuwa na jina: Kosiya. Shemeji yangu, mdogo wa Tsongo. Ni yeye aliyegongelea misumari ya jeneza. Ni yeye aliyekoroga simenti akakataa kusaidiwa. Na ni yeye huyo aliyekuwa akae Jumamosi kwenye kiti cha baba, kumpokelea Patience mahari. Mtu anayefukua kaburi la ndugu yake anatafuta nini? Kwetu kila mtu anajua jibu, na halisemwi kwa sauti. Ukilisema, vijana wanakuja na mafuta ya taa kumchoma mtu.

"Anaichukua lini?"

"Leo. Jua ikiingia."

"Basi nitangoja."

"Maman, hapana..."

Nilishaingia. Nyuma ya kibanda kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia redio mbovu zimepangwa hadi dari. Nikajibana hapo. Nilitaka kuuona uso wa Kosiya atakapoishika saa aliyoiba.

Mvua ikafika. Ikapiga mabati kama changarawe. Umeme ukakatika mtaa mzima, na Sosthène akawasha mshumaa.

Tukangoja.

Pikipiki zikapungua barabarani. Mtu alikimbia na gunia kichwani, akapita. Kisha kukawa na mvua tu... na mlio wa saa.

Kisha ile harufu.

Ilikuwa ileile ya kwenye kifuniko cha chupa, lakini sasa imejaa kibanda kizima.

"Imepona?"

Sauti ilitoka nje ya mwanga. Haikuwa ya Kosiya. Ilikuwa nzito, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona amesimama kwenye mvua wazi, hatua moja tu kutoka kwenye paa. Hakusogea kujikinga.

"Imepona," alisema Sosthène. "Nimeweka na mukanda mupya."

"Nifungie."

Mkono wa kushoto ukaingia dirishani, ukalala mezani chini ya mshumaa. Mkono mwembamba, umelowa, kucha zimejaa udongo. Nilijilazimisha kuutazama. Mume wangu alikatwa nusu ya kidole cha kati cha mkono huo na mashine ya kukoboa kahawa. Mkono wake wa kushoto ningeutambua hata gizani.

Mkono huu ulikuwa na vidole vyote, vizima.

Pumzi ikanirudi. Si Tsongo. Ni mtu. Ni mwizi tu, nikajiambia, mtu aliyetumwa na Kosiya. Nashukuru nilijiambia hivyo, vinginevyo ningepiga kelele.

Sosthène alifunga mkanda. Ndipo, kwa mazoea au kwa woga, akaanza maneno anayomwambia kila mteja.

"Asubuhi unaitia ufunguo. Ukisikia inakaza, acha, usiilazimishe. Usioge nayo. Usiiweke pahali pa maji."

"Nakaa pa maji," ile sauti ikasema. "Ndiyo maana ilikufa."

Sosthène akajifuta kiganja kwa kitambaa, na ile sauti ikauliza:

"Na asubuhi... nitaijuaje? Kule hakuna dirisha."

Mkono ukatoka mezani, taratibu, ukiacha alama ya maji. Nilipopata nguvu ya kutoka nyuma ya pazia, dirishani hapakuwa na mtu.

Sosthène alikuwa amekaa chini. Ameshika rozari, lakini hasali.

"Nimefungia watu saa miaka mingi," alisema. "Ukifunga mukanda, kidole yako inagusa mushipa. Kila mutu." Akanitazama. "Saa ilikuwa inapiga, maman. Mukono haikupiga."

Sikumbuki kama nilimlipa betri.

Bodaboda aliyenirudisha Karambi aliniambia tulipokuwa tunapanda kilima kuwa muda mfupi kabla yangu alimwona mtu akitembea kwenye mvua, akamhurumia, akamwita apande, mtu huyo akakataa. "Amesema kwake ni karibu," alisema, "chini tu hapo." Nikamwomba asiendelee kusimulia.

Nyumbani nilimkuta Kosiya barazani, anapigilia mabenchi ya wageni. "Umekawia, Mama Patience," alisema. Nikatazama mikono yake, nikatazama viatu vyake. Ni vikavu. Nilimpa chakula, nikamwangalia akila. Yeye naye aliniangalia.

Kulipopambazuka, kabla Patience hajaamka, nilipita katikati ya migomba mpaka kaburini. Mvua ilikuwa imekatika. Simenti ilikuwa nzima, haina hata ufa. Nikakaribia kuondoka. Ndipo nikaona upande wa kichwa majani makavu ya mgomba, yamelazwa vizuri mno. Upepo haulazi majani hivyo.

Nikayaondoa. Chini yake kulikuwa na jiwe bapa. Nikaliondoa.

Tundu.

Lilipita chini ya simenti, likaingia ndani. Mkono ungetosha, mpaka begani. Kingo zake zilikuwa laini, kama mlango wa panya unaotumika kila siku.

"Usiingize mkono."

Niliruka. Kosiya alikuwa nyuma yangu. Amebeba mfuko wa simenti begani, ule uliobaki tulipotengeneza sakafu. Uso wake ulikuwa umeanguka, kama uso wa mgonjwa.

"Ni wewe," nikasema. "Wewe uliiba saa ya maiti. Mlogi!"

"Shusha sauti. Tafadhali, shemeji. Mtoto atasikia."

"Sema ukweli."

Akaweka mfuko chini, akakaa juu yake. "Niliivua kabla sijapiga misumari. Ilikuwa ya baba yetu. Nilijiuliza, kwa nini ioze? Nikaificha. Kila jioni nikawa naitoa, naifuta, naitia ufunguo. Basi nikaanza kusikia mtu nyuma yangu ananiuliza, 'Saa ngapi?' Nageuka, hakuna mtu. Shambani: saa ngapi. Kanisani, mama, katikati ya wimbo: saa ngapi."

"Ukafanya nini?"

"Nikairudisha. Nilichimba hapo. Sikutaka kufika kwenye jeneza, nilitaka tu kuizika kwenye udongo, karibu naye. Nikalala kifudifudi, nikausukuma mkono..." Akaupapasa mkono wake wa kulia kana kwamba unamuuma. "Udongo ukaisha. Kukawa wazi, kama chumba. Nikasema, Tsongo, nisamehe, chukua yako."

"Halafu?"

"Sikuidondosha. Ilipokelewa."

Mgomba ulidondosha maji mgongoni mwangu. Sikusogea.

"Ilipokelewa polepole," alisema, "kama mtu anavyopokea sahani kwa mgeni. Tangu siku hiyo sijaulizwa tena. Nikasema, basi, ndugu yangu ameridhika. Leo nimekuja kuziba tundu kabla wageni hawajaja."

"Ulivigusa vidole vyake?"

"Vilinishika kidogo. Vya mkono wa kushoto."

"Vilikuwa vingapi, Kosiya? Vizima vingapi?"

Hakunielewa mara moja. Kisha akafumba macho, akaanza kugusa kiganja chake, kidole kimoja baada ya kingine, akikumbuka. Alipofika cha kati, akasimama. Akarudia. Akasimama tena.

"Vyote," akasema, na midomo yake ikawa myeupe.

Nikamwambia niliyoyaona kibandani.

Tulikaa pale, mimi na mtu niliyemshuku usiku kucha, na sasa hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwambia. Aliichukua saa, ndiyo. Alikosa. Lakini mwizi tunamjua. Yule mpokeaji ni nani?

Kosiya ndiye aliyesikia kwanza. Akainua mkono ninyamaze.

Kutoka kwenye tundu...

Krr. Krr. Krr.

Polepole. Kwa uangalifu. Mlio wa saa ikitiwa ufunguo. Nilihesabu bila kutaka, kama nilivyokuwa nikihesabu kitandani, nikingoja Tsongo amalize ndipo nimimine chai. Ukakaribia kukaza... ukaacha. Haukulazimisha.

"Yumo," Kosiya akanong'ona. Tayari alikuwa anafungua mfuko. "Mama Patience, yumo ndani sasa hivi. Lete maji. Tuzibe."

Sikwenda.

"Maji, shemeji!"

"Na Tsongo?"

"Tsongo amekufa."

"Amelala mle. Unataka nimfungie na kitu tusichokijua?"

"Amekwisha kulala nacho siku zote hizi!"

Ndivyo ilivyokuwa. Nililia pale kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Kosiya alinishika bega. Mlio ulikuwa umekoma. Sasa hatukujua tena kama yumo au ametoka, na kama ametoka, amepitia wapi wakati sisi wawili tumelikalia tundu.

"Tukiziba," Kosiya alisema baadaye, "tunamfungia ndani, au tunamfungia nje?"

Tukalirudisha jiwe. Tukalaza majani.

Jumamosi wakwe walikuja. Kosiya alikaa kwenye kiti cha baba, akapokea mbuzi, akasema maneno mazuri mpaka Patience akalia kwa furaha. Wageni walisifu chakula. Jua lilipoanza kushuka, mimi na Kosiya tuliwaharakisha waondoke, wakadhani tuna kiburi.

Patience sasa yuko Ibanda kwa mume wake, na huwa namwambia nitakuja mimi huko, yeye asije. Mfuko wa simenti tuliuacha palepale kando ya kaburi, mdomo wazi. Mvua ya siku zilizofuata iliunyeshea, ukakauka, ukawa jiwe. Kosiya anaupita kila akienda shambani. Mimi pia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema tununue mwingine.